Kimya cha Mwali

Kwetu Baleni mwali akinyamaza watu hufurahi. Mwali ni wa kuinamisha macho, kujifunika kanga na kujibu kwa kichwa, na yule hodari kupita wote hata kwa kichwa hajibu. Mimi Mwatima nilishindwa. Nilipowekwa ndani, somo wangu, kungwi wa kunifunda, alinifinya mapaja mpaka yakavilia damu, na bado nilikuwa napiga soga na watoto kupitia dirishani. Niliolewa hivyo hivyo, nikaachika, nikaolewa tena, na mdomo wangu sikuuacha popote. Sasa mtu wa namna hii akisema kimya cha mwali kimemtia hofu, nani atamsikiliza?

Mwali mwenyewe alikuwa Arafa, mtoto wa dada yangu Thuwaiba. Arafa hakuumbwa na kimya. Alimwiga khatibu wa msikiti, alimwiga kila muuza samaki aliyepita, alimwiga baba yake, shemeji yangu Mbarouk, anavyokohoa kabla ya kusema jambo analoliona kubwa. Siku ambazo hukumsikia akisema ulimsikia akilia, kwa sababu siku hizo alikuwa anaumwa.

Aliumwa tangu hajatambaa. Viganja na nyayo vilimvimba kama maandazi, macho yakageuka manjano. Kusi ikivuma na baridi yake, mifupa ilimshika, mara mapaja, mara mgongo, akajikunja kitandani akitaja majina ya Mungu yote aliyofundishwa chuoni. Kaka yake aliyemtangulia alikufa kwa hayo hayo. Wazee wakasema ni jini wa Ras Kisimani. Mababu wa ukoo wetu walikaa mji ule kabla haujawa magofu, wakahama bila kumuaga mwenye mji, na tangu hapo kila uzao yule jini huja kuchukua mtoto. Arafa alivishwa hirizi shingoni, kiunoni na mkononi mpaka akawa anatembea akichakarisha.

Mwaka ule picha ya mfalme iliposhushwa bomani Kilindoni ikapandishwa ya malkia, maumivu yalimzidi tukampeleka hospitali. Daktari alimtoboa kidole, akaitazama damu katika darubini yake, kisha akaniita nami nitazame. Niliona vidoa tu. Akasema damu ya watu ni ya duara, lakini ya mtoto huyu hujipinda kama mundu na kukwama katika mishipa, na popote inapokwama ndipo panapouma. Anywe maji mengi, akasema, asipigwe na baridi. Tena ugonjwa huu mtoto huupata kwa baba na mama wote wawili.

Shemeji akakohoa. "Daktari ananitukania ukoo," alisema. Yeye na sisi ni watoto wa ndugu.

Arafa, na udogo wake, ndiye aliyeuliza swali la maana. "Na ikikwama kichwani?"

"Hapo mje mbio," daktari akajibu, na hakusema zaidi.

Hilo neno lilinikaa. Wenzangu walilisahau tulipopanda gari kurudi. Mimi tangu siku hiyo, Arafa akisema kichwa kinamgonga, huacha nilichoshika nikamkimbilia.

Alipopata umri wa kuolewa akaposwa na Shamte, mtoto wa ami yake wa Kirongwe. Shamte alikuwa kijana mpole, ana minazi na mikorosho, na nyumbani kwao pia dada yake mmoja alikufa akilia mifupa. Kila mtu aliona ni jambo jema, ndugu kumchukua ndugu. Arafa mwenyewe nilimuuliza, akacheka akasema, "Mama mdogo, Shamte namjua tangu tunaibiana maembe. Kuna la kuuliza?" Sikujua kama hilo ni ndiyo au siyo, na hakuna mwingine aliyemuuliza.

Basi akawekwa ndani. Somo wake alikuwa Bi Mwanaheri, aliyelea wanawali wa Baleni tangu enzi za Mjerumani, mwanamke safi, mkali, na alimpenda Arafa kwa haki. Kazi yake aliijua: singo ya kumsugua mwili asubuhi, udi jioni, mafundisho katikati. Ila alikuwa na sharti lake moja. Mwali hatoki mchana kuonekana na watu, na choo chetu kiko mwisho wa ua, basi mwali hupunguziwa maji. Kikombe alfajiri, kikombe baada ya magharibi, yamekwisha.

"Bi Mwanaheri, shikamoo," nikamwambia, "huyu si mwali kama wengine. Daktari alisema anywe maji."

"Marahaba. Daktari amewahi kulea mwali?"

Nikaenda kwa dada yangu. Thuwaiba alikuwa anachambua mchele wa karamu na hakuinua uso. "Mwatima, tafadhali. Watu wa Kirongwe wakisikia harusi inasimama kwa maradhi, nani atamchukua mwanangu?"

"Mficha maradhi, dada, kilio humuumbua."

"Na wewe chura usiye haya, niache nipike."

Nilikuwa nampenyezea maji kwa birika la mchuzi, nikisingizia namletea supu. Lakini shughuli zikazidi, wageni wakaja, na siku mbili za mwisho Bi Mwanaheri alifunga mlango kwa komeo, akasema sasa ni mafundisho mazito. Nilizunguka uani kama kuku aliyepoteza kifaranga. Ndani sikusikia kikohozi wala kicheko. Nilijiambia ni mafundisho. Nilijiambia hivyo mara nyingi sana.

Ijumaa ya nikaha, wanaume walipokwenda msikitini, nilipika uji nikagonga mlango mpaka ukafunguliwa. Arafa alikuwa ameketi juu ya mkeka, ameegemezwa ukutani kwa mito, kanga imemfunika mpaka kidevuni. Chumba kinanukia udi, na dirisha limezibwa.

"Tangu alfajiri hajanijibu neno," Bi Mwanaheri alininong'oneza kwa fahari. "Nimemfinya, hakuguna. Wali nimewalea wengi, Mwatima. Huyu ndiye mwali."

"Jana alikuwaje?"

"Alilalamika kichwa. Nikamwambia mwali haumwi kichwa."

Nilipiga magoti nikafunua kanga. Arafa alinitazama. Macho yalikuwa yake, yananiona, yananijua, lakini mdomo ulikuwa umevutwa upande mmoja, kama mtu anayekubeza. Nikamtia kijiko cha uji. Ukaingia, kisha ukamtoka polepole kwenye pembe ya kulia na kuteremka shingoni mpaka kwenye hirizi.

"Arafa, nishike mkono."

Mkono wa kulia haukuja. Niliuinua mwenyewe, ulikuwa mzito na laini, nikauachia ukaanguka. Machozi yalikuwa yakimtoka kimya kimya, nami nilikwisha kuyaona haya yote kwa baba yetu. Mdomo ule ule, mkono ule ule, wali ukimdondoka kwenye kanzu.

Nikamwita Thuwaiba. Alikuja na unga mikononi, akatazama, akarudi nyuma hatua moja.

"Ni kiharusi," nikasema. "Kama cha baba."

"Wewe una wazimu. Kiharusi ni cha wazee. Umeona wapi mtoto akapata kiharusi?"

"Ni upepo," akasema Bi Mwanaheri. Sauti yake ilikuwa imekauka. "Kapitiwa na upepo, yule wa Kisimani. Ametaka kumwahi kabla hajawa mke wa mtu. Tumzungushie kafara, tumsomee, atafunguka. Lakini asipelekwe hospitali, Thuwaiba, nakuomba kwa Mungu. Mwenye upepo akipigwa sindano hafiki isha."

Na hapo wote wawili wakanitazama mimi. Walijua nitakumbuka. Baba yetu tulimpeleka sisi, kwa miguu yetu, akapigwa sindano alasiri, na isha haikumkuta hai. Kijiji kizima kilisema ni sindano. Nami, pamoja na mdomo wangu wote, usiku nikilala peke yangu nilisema pia kuwa ni sindano. Nataka hili lijulikane: sikuwa najua kitu ambacho wao hawakijui. Niliogopa pande zote mbili. Akibaki atakufa, akienda nitamuua mimi.

"Nikaha kwanza," dada yangu alisema, akipangusa uji shingoni kwa mwanawe kwa ncha ya kanga. "Wanakuja sasa hivi. Ikishafungwa, ni mke wa watu, hawawezi kumkataa. Kisha tutatafuta dawa. Mwatima, nakuomba. Umeniharibia mambo mengi na mdomo wako, hili usiniharibie."

Alisema akilia. Sijawahi kumwona dada yangu akilia mbele ya somo. Na wanaume walikuwa wameshaingia ukumbini, nasikia viatu vikivuliwa na salamu zikijibiwa.

Ada yetu, kabla nikaha haijafungwa, baba na mashahidi wawili husimama nyuma ya pazia la chumba cha mwali na kumwomba idhini. Humuuliza mara tatu. Mwali mwenye adabu hajibu. Kunyamaza kwake ndiyo ruhusa yake, maana aibu imemzuia.

Nilimsikia Mbarouk akikohoa. "Arafa binti Mbarouk, umenipa idhini nikuoze kwa Shamte bin Abeid?"

Kimya.

Arafa alikuwa amenishika upindo wa kanga kwa mkono wa kushoto. Alikuwa anauvuta.

"Arafa, umenipa idhini nikuoze kwa Shamte bin Abeid?"

Kimya. Bi Mwanaheri alikuwa anatembeza midomo kwa dua. Thuwaiba amefumba macho.

Akauliza ya tatu. Kifua cha Arafa kikapanda, koo likatoa mlio mdogo kama wa mlango unaosita, na upindo wangu ukavutwa mpaka kanga ikaniteremka kichwani.

"Alhamdulillahi," shahidi mmoja akasema kwa furaha. "Mwali amenyamaza. Ametoa idhini."

"Hakunyamaza!" nikapiga kelele. "Hawezi kusema! Mtoto hawezi kusema, enyi watu, mnamuoza maiti?"

Kisha shemeji akakohoa, kikohozi kikali. "Mwatima! Funga mdomo wako."

"Subiri, Mbarouk." Hiyo ilikuwa sauti ya khatibu, Mwalimu Muhidini, mtu wa sauti ndogo ambaye Arafa alimwiga kila siku. "Kunyamaza ni idhini kwa anayeweza kusema akaona haya. Asiyeweza, hicho si kimya chake. Mfungulieni pazia, aashirie mwenyewe."

Hakuna aliyelifungua. Nililivuta mimi. Shemeji alikuwa amesimama pale na kanzu yake mpya, mashahidi nyuma yake wameinamisha macho kwa heshima, na Arafa akamtazama baba yake uso kwa uso kama mwali asivyotakiwa kutazama. Kwa mkono wa kushoto akauchukua ule wa kulia, akauinua mpaka usawa wa kifua, akauachia. Ukaanguka mapajani. Akauinua tena, akauachia tena.

Mbarouk hakukohoa. Aliingia chumba cha wanawake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akamkumbatia mtoto na mito yake, akamnyanyua.

"Msimpeleke kwenye sindano!" Bi Mwanaheri alilia, amemshika miguu. "Mwatima, waambie! Waambie yaliyomkuta baba yenu!"

Wote wakanigeukia. "Lori liko nje," nilisema.

Lilikuwa lori la mbata lililowaleta watu wa Kirongwe, limefungwa makuti na maua. Tulipanda nyuma na Arafa kati yetu, mimi namminyia maji mdomoni kwa kitambaa, tone kwa tone, upande uliokuwa bado unameza. Shamte alipanda na joho lake la harusi, akashika turubai kwa mikono miwili njia nzima ili upepo usimpige Arafa. Barabara ya Kilindoni ilikuwa mashimo matupu, na kila tulipotupwa niliweka kiganja puani mwa Arafa nisikie kama anapumua. Sikumbuki dua niliyosoma. Nakumbuka nilikuwa namwambia Mungu kwa hasira kwamba akimchukua huyu, asinitafute tena.

Daktari hakuwa yule wa zamani. Alimpima, akauliza kama mtoto ana maradhi, na safari hii nilimweleza yote mimi kabla mtu hajakohoa. Akasema ni kiharusi.

"Kwa mtoto?" dada yangu akauliza.

"Wenye damu hii hupata, hata wakiwa wadogo kuliko yeye. Maji yamepungua sana mwilini. Nitamwekea ya mshipani." Akachukua sindano. "Nani atamshika?"

Thuwaiba akageukia ukuta. Shemeji akatoka nje. Nilimshika mimi, mkono ule mzima, na sindano ilipoingia nilihisi imeingia tumboni kwangu. Chupa ikatundikwa juu ya msumari, matone yakaanza kushuka. Nikawa natazama kifua cha Arafa. Adhana ya magharibi ikasikika, kifua kinapanda. Nilitamani kuwaambia waichomoe. Mara mbili nilifungua mdomo, mara mbili nikaufunga, na kwangu hiyo ni kazi kubwa kuliko kulima. Ikaadhiniwa isha. Thuwaiba akaja akakaa ubavuni pangu, na tukashikana mikono kama tulivyokuwa watoto. Arafa alipumua. Isha ikapita, akapumua.

Siku zilizofuata daktari alitaka damu ya kumwongezea, na Shamte akajitolea. Akatobolewa kidole, damu ikatazamwa, daktari akamkataa. "Na wewe unayo nusu," akamwambia. "Haikuumizi. Lakini ukioa mwenye ugonjwa kama huyu, watoto wenu wengi watakuwa kama yeye." Aliyasema hayo pale pale kitandani, juu ya kichwa cha Arafa, maana watu husema mbele ya asiyejibu kama wanavyosema mbele ya ukuta; lakini macho ya Arafa yalikuwa wazi, yakimtazama Shamte. Shemeji akakohoa akasema madaktari wote ni wamoja. Hatukulizungumza tena.

Tulirudi Baleni. Mguu wa kulia, uliopooza pamoja na mkono, ulirejea, akawa anaukokota. Mkono ulirejea nusu. Ulimi haukurejea. Alitoa milio, akapiga chini kwa hasira, akageukia ukuta. Watu walianza kumwita bubu, kwa huruma, jambo lililoniudhi kuliko kama wangemwita kwa kejeli. Bi Mwanaheri alikuja kila asubuhi na mtungi wa maji, akamnywesha kikombe baada ya kikombe, akaondoka bila kusalimia mtu. Mimi nyumba ikitulia kidogo tu, roho iliruka, nikakimbilia chumbani kumtikisa nione kama yuko. Nilimsumbua mno. Siku moja alinirushia mto.

Msimu wa baridi ulipopita, ami yake alileta ujumbe kutoka Kirongwe kwamba neno lao liko pale pale, na Shamte hakurudi nyuma. Mbarouk alishukuru mpaka akashindwa kula. Thuwaiba alishukuru zaidi. Ni nani mwingine angemchukua binti anayekokota mguu na hasemi? "Atapata wa kumtunza mimi nikifa," aliniambia, na ukweli sikuwa na la kumpinga. Siku ikapangwa, watu wachache, bila ngoma.

Mwalimu Muhidini alielekeza mapema: mwali ataashiria. Akikubali, ainue mkono. Safari hii pazia lilikuwa wazi, na Arafa aliketi na kanga begani tu. Mbarouk akauliza. Arafa hakuinua mkono. Akauliza ya pili. Arafa ameinamisha uso, mikono mapajani.

"Hiyo ni haya ya mwali," shahidi akasema kwa upole. Mbarouk akauliza ya tatu, mkono haukuinuka, na shahidi yule akashika goti kujiinua. "Basi, mwali ni mwali. Alhamdu..."

"Kaa chini!" nikamwambia. "Huoni? Anatafuta neno."

Akakaa. Midomo ya Arafa ilikuwa inatembea. Jasho lilimtoka juu ya paji. Mshipa wa shingo ukasimama, macho yakamjaa, mkono wake wa kushoto ukaushika ule mgonjwa kama mtu anayeshika kamba. Mlio ukaja, ukapotea. Ukaja mwingine. Mwalimu Muhidini aliweka tasbihi chini na kusubiri, na sisi wote tukasubiri, nami nilikuwa nasema moyoni, sema chochote, mwanangu, hata tusi, sema.

"Si," akasema Arafa. Akameza mate. "Si... ta... ki."

Mbarouk alifungua mdomo, na kikohozi hakikuja. Ilikuwa ni posa ya nduguye, ilikuwa ni aibu ya mwaka mzima, na Thuwaiba ndiye aliyeitaka ndoa ile kuliko sote. Nilimgeukia nikijua atazirai. Dada yangu alikuwa amesimama wima katikati ya chumba, mikono kichwani, machozi yakimchuruzika, na akapiga kigelegele. Akakipiga kirefu, akavuta pumzi, akapiga kingine, kama mwanamke aliyeletewa habari kwamba binti yake amezaa salama.

Ukumbini watu wa Kirongwe waliposikia kigelegele walianza kupeana mikono na kupongezana. Arafa akawasikia. Akavuta pumzi, akalirudia neno lake kwa sauti kubwa zaidi, ili nao walisikie.